Meza ya Msimu Nyikani Kajiado

Katika ranchi ya jamii ya Kuku, inayopakana na Rombo, Kaunti ya Kajiado, iko Campi ya Kanzi, kambi ya kifahari iliyoanzishwa mwaka 1996 na Mwitaliano Luca Belpietro. Mezani hutawala mapishi ya Kiitaliano, na mboga huchumwa bustanini mwa kambi. Maji hukingwa ya mvua. Kwa hiyo masika na vuli ndizo tegemeo la jikoni. Ada ya uhifadhi inayotozwa wageni huchangia kuwafidia wafugaji Wamaasai mifugo iliyouawa na simba. Hata hivyo, fidia hiyo haihusu ukame, kama ule wa 2009 na 2022, uliofyeka ng'ombe wengi kwa kukosa malisho.