Faini ya Pauni Kumi: Jinsi Kesi za Kamari Zilivyokwisha Katika Korti za Uingereza

Wasomaji wengi wamepata kusikia kesi ya kamari ikisomwa kortini, na labda walistaajabu, kama nilivyostaajabu mimi, kwa jinsi inavyokwisha upesi. Mtu huitwa jina, husomewa shtaka, hukiri, hutoa faini, akaenda zake. Lakini kesi ya mwizi wa kuku iliyo nyuma yake huchukua asubuhi nzima. Siku moja mwanafunzi wangu aliniuliza, "Mwalimu, mbona mtu wa kamari hana maneno?" Sikuwa na jibu. Baadaye nalisoma habari za Uingereza, ambako jambo hili liliandikwa kwa urefu, nikaona kwamba sehemu ya jibu iko huko. Wala si habari ya watu wa mbali tu, kwani maneno ya sheria yao ya mwaka 1853 juu ya nyumba za kuwekea dau yalichukuliwa karibu kama yalivyo, yakatiwa katika Sheria ya Adhabu ya Tanganyika.

Basi tuanze mbali kidogo. Mwaka 1541, katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, ilitungwa sheria ya kukataza michezo. Sababu yake si ile tuwezayo kuidhani. Mafundi wa pinde na mishale walilalamika ya kuwa watu wameacha kujizoeza shabaha, washinda katika dadu, karata na kuvingirisha tufe. Naye mfalme alitaka watu wajuao upinde kwa ajili ya vita. Mwenye nyumba ya michezo alitozwa shilingi 40 kwa kila siku, na aliyekutwa akicheza humo shilingi 6 na peni 8. Mafundi, vibarua na watumishi hawakuruhusiwa michezo hiyo ila wakati wa Krismasi. Bali bwana mwenye pato la pauni 100 kwa mwaka aliweza kuwapa ruhusa watu wa nyumbani mwake. Tena hakimu aliweza kumfunga mchezaji kwa ahadi, yaani kumwekesha dhamana ya kwamba hatacheza tena. Sheria hiyo ilidumu hata mwaka 1960. Msomaji aiangalie vema tofauti hii ya bwana na kibarua, maana haikuondoka katika muda wote huo.

Karne ya kumi na tisa kamari kubwa ilikuwa ya mashindano ya farasi. Mjini London yalizuka maduka ambayo vibarua na watumishi waliweka dau humo kwa fedha taslimu. Mwanasheria Mkuu wa serikali, Sir Alexander Cockburn, aliliambia Bunge kwamba watumishi huwaibia mabwana zao ili wapate fedha za kupeleka huko. Na mwaka 1853 maduka hayo yakapigwa marufuku, kwa faini hadi pauni 100. Lakini mabwana waliowekeana dau katika vilabu vyao, kwa neno tu, na kulipana baadaye, hawakuguswa. Kweli, tangu mwaka 1845 deni la kamari halikuweza kudaiwa kortini. Lakini kutodaiwa ni jambo moja, na kukamatwa ni jambo jingine.

Maduka yalipofungwa, wapokea dau walitoka wakasimama njiani. Mwaka 1867 ikatungwa sheria ya njia za London: watu watatu au zaidi waliokusanyika njiani kwa ajili ya kuweka dau walihesabiwa kuwa wanaziba njia, na faini yake haikupita pauni 5. Mtu aliyepokea dau za mamia ya watu hakuuona mzigo huo.

Mwaka 1890 Wakristo na watu wengine waliochukizwa walianzisha chama cha kupiga vita kamari. Hawakuanza na maskini. Walitaka uwanja wa farasi nao uhesabiwe kuwa "mahali" kwa maana ya sheria ya 1853, ili wakubwa na wadogo wapimwe kwa kipimo kimoja. Mwaka 1897 majaji walikubali. Lakini mwaka 1899, katika kesi ya uwanja wa Kempton Park, Baraza la Malodi lilitoa hukumu kwamba uwanja ule si "mahali". Neno moja tu, na kesi ikaanguka! Ndipo nguvu zote zikageukia njiani, na mwaka 1906 ikatoka Sheria ya Dau za Njiani. Kosa la kwanza, faini hadi pauni 10. La pili, hadi pauni 20. La tatu, hadi pauni 50, au kifungo hata miezi sita. Askari aliweza kukamata bila hati. Na viwanja vya farasi? Viliachwa nje ya sheria hiyo kwa maneno yaliyo wazi.

Sasa tuingie katika korti yenyewe, maana hapo ndipo penye jambo.

Mpokea dau mwenye kazi kubwa hakusimama njiani mwenyewe. Alikuwa na wapambe pembeni mwa njia, katika vichochoro na nyua, na watoto wa kuangalia askari. Watu walileta fedha zao zimefungwa katika karatasi ndogo, ambayo juu yake waliandika jina la farasi na lakabu badala ya jina lao la kweli. Zote zilitiwa katika mfuko wenye saa katika kufuli yake. Ulipofungwa, saa ilionyesha wakati, ili pasiwe na mtu atakayesema aliweka dau kabla ya farasi kukimbia, kumbe ameweka baadaye. Kazi hii iliendeshwa kwa uaminifu ambao wafanyabiashara wengi wangeuonea haya.

Askari wa mtaa alijua yote hayo, na wakubwa wake walitaka kuona watu wamekamatwa. Basi katika mitaa mingi ilitokea desturi ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nalidhani mwandishi anafanya mzaha. Askari alimwarifu mpokea dau kwamba zamu yake imefika. Huyu alitafuta mtu asiye na kazi, asiyepata kushtakiwa hata mara moja, akampa ujira kidogo na karatasi chache mfukoni. Mtu yule alisimama penye pembe ya njia saa waliyopatana. Askari alikuja, akamkamata, wakaenda pamoja bila ugomvi. Kesho yake askari aliapa kwamba alimtazama mshtakiwa kwa muda fulani, akaona watu kadha wa kadha wakimpa karatasi. Mshtakiwa alikiri. Hakimu akauliza kama ana makosa ya nyuma, hana. Kosa la kwanza: haizidi pauni 10. Fedha zilitolewa pale pale, za mpokea dau, na korti ikaendelea na kesi nyingine.

Mara nyingine, kwa kosa la pili, alisimama mtu mwingine, naye akawa wa kwanza tena. Hivyo ngazi ile ya pauni 10, 20 na 50, iliyojengwa na Bunge kwa uangalifu, haikupandwa na mwenye biashara. Daftari la korti lilijaa majina, na jina lake halikuwamo. Aliyepata alama katika daftari ni maskini aliyeuza rekodi yake safi kwa chakula cha siku chache. Na siku atakapotafuta kazi nzuri, alama ile itakuwa ingali pale.

Je, hakimu alijua? Katika Uingereza mahakimu wengi wa korti ndogo ni raia wasiolipwa, wakaao mji ule ule. Mtu akisikia ushahidi ule ule kila wiki, kwa maneno yale yale, ni vigumu kuamini kwamba hashuku kitu. Lakini hakimu huhukumu yaliyo mbele yake: askari ameapa, mshtakiwa amekiri. Simlaumu upesi. Ninaloliona zito zaidi ni kiapo cha yule askari, maana aliyezoea kuapa kwa mapatano juu ya dau, hatujui atasimama wapi juu ya jambo kubwa. Wako askari waliokataa, na wengine waliopokea hongo wazi. Habari za hongo zilisikiwa na kamati ya Bunge mwaka 1923, na Tume za Kifalme zilizokuja baadaye zikarudia kuuliza juu ya sheria hii na askari.

Muda huo wote tajiri mwenye simu nyumbani aliweka dau lake kwa mkopo, bila kosa. Tangu mwaka 1926 hata mwaka 1929 serikali ilitoza kodi juu ya dau za halali; yaani hazina ilipokea sehemu yake kwa tajiri kwa jina la kodi, na kwa kibarua kwa jina la faini.

Tume ya mwisho ilikaa mwaka 1949 hata 1951, ikashauri maduka ya dau yaruhusiwe kwa leseni. Bunge lilikawia, kisha likatunga sheria mwaka 1960, na tarehe 1 Mei 1961 maduka yakafunguliwa kwa maelfu, miaka 108 baada ya kufungwa. Wabunge hawakutaka yapendeze: madirisha yalizibwa, wala haikuruhusiwa kuwapa wateja chai, hata televisheni haikuingia humo mpaka mwaka 1986. Wapokea dau wengi wa njiani walichukua leseni, wakaandika majina yao juu ya mlango. Wale waliosimama penye pembe kwa ajili yao hawakuandikwa popote, ila katika madaftari ya korti.