Kutoka reli ya Ruzizi hadi moto wa Sange: historia ya polisi na makamyo

Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, siku mbili baada ya Kongo kusherehekea miaka 50 ya uhuru, kamyo ya mafuta iliyotoka Tanzania ilipinduka Sange, katika uwanda wa Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu. Mafuta yakamwagika. Raia wakaja na bidoni na mabeseni kuyachota. Moto ulipowaka, ulifika hadi kwenye nyumba ambamo watu walikuwa wakitazama Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 230 walikufa. Wengi walizikwa kwa pamoja kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatambua.

Wakati wa kuzungumzia Sange, wengine wanalaumu shofere, wengine barabara, wengine wale waliochota mafuta. Swali moja linasahaulika: askari polisi anaposimamisha kamyo barabarani, anatazama nini? Je, anatazama freni, mipira na mzigo, au anatazama makaratasi peke yake? Jibu la swali hilo lilianza kutengenezwa zamani, hata kabla ya uhuru.

Wakati wa Wabelgiji

Wakati wa ukoloni, mizigo mizito ilipita zaidi kwenye reli na kwenye maji. Hata Ruzizi kulikuwa na reli: kati ya miaka ya 1930 na miaka ya 1950 gari moshi lilibeba mizigo kati ya Uvira na Kamanyola, kisha makamyo yakaendelea na safari ya milimani kwenda Bukavu. Reli hiyo ilipofungwa, mizigo yote ikahamia barabarani.

Kazi ya usalama ilikuwa mikononi mwa Force Publique, ambalo lilikuwa jeshi na polisi kwa wakati mmoja. Lilifundishwa kwanza kuwatii wakubwa na kuwasimamia watu: nani anatoka wapi, anakwenda wapi, ana ruhusa gani. Kukagua chuma cha gari hakukuwa kazi yake ya kwanza. Desturi ya kuomba karatasi kabla ya kutazama gari ina mizizi pale.

Sheria ya 1978

Watu wengi wanafikiri Kongo haina sheria juu ya hali ya magari. Sivyo. Mwaka 1977 inchi, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliingia katika mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo barabarani. Tarehe 30 mwezi wa nane 1978 ikatoka Sheria namba 78-022, code de la route, ambayo polisi wa barabarani, wale raia wanaowaita « roulage », wanaitaja hadi leo.

Mkataba ule wa Vienna unasema mambo wazi. Gari liwe na freni ya kusimamisha mwendo, freni ya kulishika linapoegeshwa, na njia nyingine ya kulisimamisha ikiwa freni ya kwanza inakataa. Mzigo upangwe kwa namna ambayo haumhatarishi mtu, hauanguki wala kuburutwa chini, na haufuniki taa.

Kwa hiyo kanuni zilikuwepo miaka zaidi ya 30 kabla ya Sange. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitumia, aliyefundishwa, mwenye vifaa na mwenye mshahara.

Gari bila vipuri, askari bila mshahara

Miaka ya Mobutu iliharibu pande zote mbili. Kwa upande wa magari, zairianisation ya mwezi wa kumi na moja 1973 ilichukua biashara za wageni na kuzigawa kwa watu ambao wengi wao hawakuzijua kazi hizo. Biashara nyingi zikaanguka na vipuri vikawa haba. Fundi akaanza kutengeneza kwa alichokipata, na kamyo iliyopaswa kuachwa ikaendelea kutembea.

Kwa upande wa polisi, mwaka 1972 polisi iliunganishwa na Gendarmerie, sehemu ya jeshi. Mwaka 1984 ikaongezwa Garde civile. Sasa barabarani palikuwa na sare zaidi ya moja, na kila moja iliweza kusimamisha gari. Ilipofika miaka ya 1990, bei zilipanda hadi mshahara wa askari haukununua chakula cha wiki. Barieri ikawa shamba lake. Shofere akajifunza kutenga makuta ya barieri kabla ya kutenga makuta ya kubadili mipira.

Hapo ndipo hesabu iligeuka. Kamyo mbovu haikuwa tena hatari ya kuondolewa barabarani. Ikawa mali kwa aliyeisimamisha, kwa sababu mwenye kamyo mbovu ana haraka zaidi ya kulipa. Askari akiizuia isiendelee, kesho haina cha kumlipa.

Barieri 798

Vita vya kuanzia 1996 viliongeza barieri. Jeshi, waasi, vikundi vya silaha na watumishi wa serikali, kila mmoja alikuwa na kamba yake. Polisi ya taifa, PNC, iliundwa upya kwa dekreti ya 2002, kisha ikapewa sheria yake kamili mwaka 2011. Lakini mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walipohesabu barieri za Kivu zote mbili, walipata 798: 312 Kivu ya Kaskazini na 486 Kivu ya Kusini. Hizo si za polisi peke yake. Hata hivyo, hesabu hiyo inaonyesha kwamba makamyo ya Kivu yanasimamishwa tena na tena, na mara nyingi yanasimamishwa kwa ajili ya malipo.

Si Kivu peke yake. Watafiti waliofuatilia polisi wa barabarani mjini Kinshasa katika miaka ya 2010 walieleza kwamba wakubwa huwapangia maaskari idadi ya magari ya kupeleka ofisini kila siku. Askari aliyepangiwa idadi hatafuti gari lenye hatari kubwa. Anatafuta gari lililo karibu. Anayemlaumu askari aliyesimama juani asisahau mkubwa anayengojea hesabu jioni.

Ajali zilizofuata

Baada ya Sange, mambo yalijirudia. Tarehe 6 mwezi wa kumi 2018, kamyo ya mafuta iligongana na gari lingine Mbuba, Kongo ya Kati, kwenye barabara namba 1 kati ya Matadi na Kinshasa. Watu wapatao 50 walikufa. Mwezi wa pili 2019, kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, kamyo iliyobeba asidi ya migodi iligongana na basi, na watu 21 wakapoteza maisha.

Katika ajali hizi gari linabeba kitu kinachoua hata baada ya ajali yenyewe kwisha. Hapo polisi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kabla ya safari: kukagua. Ya pili ni dakika zinazofuata ajali: kuwasukuma watu mbali, kuzima moto wote wa karibu, kufunga barabara. Sange, mafuta yalimwagika kwanza, moto ukaja baadaye. Muda kati ya hayo mawili ndio ungeokoa watu.

Dakika kumi za kazi

Kukagua kamyo hakuhitaji mashine kubwa kila mara. Freni za makamyo mengi zinafanya kazi kwa hewa. Askari aliyefundishwa anaweza kumwambia shofere azime injini, akanyage freni na kuishikilia, kisha wote wawili watazame saa ya hewa. Ikishuka haraka, hewa inavuja, na gari lisiteremke mlima. Anaweza kutazama kama waya umetokea kwenye mipira, kama kuna alama za kutu zinazotoka kwenye nati za gurudumu, kama taa za nyuma zinawaka, kama kuna watu waliokaa juu ya mzigo. Dakika kumi zinatosha.

Mahali pa kufanya hivyo panajulikana. Makamyo yanapoteremka mlima wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, freni zinapata moto na kuchoka. Ukaguzi wa juu, kabla ya kuteremka, una maana kuliko barieri kumi za kwenye uwanda. Vilevile makamyo ya Tanzania yana usukani upande wa kuume, na Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Shofere wake haoni vizuri mbele anapotaka kupita gari lingine. Msaidizi wa kumwangalizia upande wa pili si anasa.

Kuna pia uzito. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sheria yake ya 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa kamyo kubwa kabisa pamoja na mzigo wake. Kikomo hicho kinahitaji mizani. Bila mizani, tani zinakisiwa kwa macho, na kinachokisiwa kwa macho ni rahisi kujadiliwa kwa makuta. Tangu 2008 kuna mfuko wa kutunza barabara, FONER, unaochukua pesa kwa kila lita ya mafuta na kwenye péage. Raia ana haki ya kuuliza mizani ngapi zimewekwa kwenye barabara yake.

Barabara namba 5 bado inapita katikati ya Sange. Sheria ipo tangu 1978. Siku askari wa barieri atakapozuia kamyo isiyo na freni na kukataa makuta yake, shofere atakasirika, mwenye mali atapiga simu kwa wakubwa, na pengine simu hiyo itamponza askari. Raia wa eneo wakijua sababu ya gari kusimama, waseme wazi kwamba wako upande wake.