Ua Dogo la Msituni na Uzi wa Mdarizi



Fungueni kabati la vitambaa katika sakristia nyingi za jijini Dar es Salaam, nanyi mtaona maua mawili yakijirudia: waridi na yungiyungi. Yamedariziwa kwa ustadi, mara nyingi na mama zetu wenyewe, kwa nyuzi zilizonunuliwa Kariakoo. Hatuna ugomvi na maua hayo. Yana nafasi yake ya heshima katika ibada kwa Bikira Maria. Lakini tumejiuliza kwa muda sasa: imekuwaje mdarizi wa Ilala alijue kwa moyo umbo la waridi la Ulaya, na asijue kuchora hata ua moja la misitu ya nchi yake?

Jibu limo katika historia, nayo inaanzia mbali. Mwishoni mwa karne ya 13, mafundi wa mawe wa kanisa la Southwell, nchini Uingereza, walichonga kwenye vichwa vya nguzo majani ya mialoni na ya mimea mingine ya mashambani kwao. Hawakuagiza vielelezo kutoka nchi za mbali. Walitoka nje, wakatazama vichaka vilivyokuwa karibu, wakarudi na patasi. Hata leo mtaalamu wa mimea akisimama mbele ya mawe yale anaweza kutaja majina ya majani mengi. Ndivyo ulivyokomaa mtindo ule wa Gothiki, ambao wamisionari wa Kijerumani walituletea walipojenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu hapa mjini kati ya mwaka 1897 na 1902. Kanisa lilipokuja lilikuja na mapambo yake, na mapambo yale yalikuwa yamezaliwa katika misitu ya watu wengine. Wazee wetu waliyapokea kama yalivyo, kwa moyo wa imani, wakayanakili. Nasi tumenakili nakala zao.

Wakati huohuo ua la msitu wetu lilikuwa safarini kuelekea upande wa pili. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alikuta katika nchi ya Usambara mmea mdogo sana, unaoota kivulini, kwenye mawe yenye unyevu. Majani yake ni manene, yenye manyoya laini. Ua lake ni la rangi ya urujuani, na katikati yake mna vijifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano, kana kwamba mtu ameshona vifundo viwili vya uzi. Alimpelekea baba yake huko Ujerumani, naye akauonyesha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuita Saintpaulia ionantha.

Hapo tunatua kidogo. Mtawala huyo hakuwa mgeni wa lugha yetu; mwaka 1890 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Hata hivyo ua halikupewa neno la Kiswahili wala la Kisambaa, bali jina la ukoo wake. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi kubwa zaidi, Streptocarpus, na jina la ukoo ule likabaki kwa kundi dogo ndani yake. Majina ya wakubwa nayo hupungua!

Ua lenyewe halikupungua. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, Marekani, walichagua aina zake bora, wakaziuza, na tangu hapo limekaa katika vyungu kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Linachorwa kwenye vikombe, linashonwa kwenye vitambaa vya meza. Kwao huko msituni hali ni nyingine. Mmea huu hauvumilii jua kali. Mti mkubwa ulioufunika ukikatwa, nao hukauka juu ya jiwe lake. Aina kadhaa za porini zimo hatarini kutoweka kwa sababu hiyo.

Isidhaniwe kwamba watu wa pwani hawana jicho la kuumba. Nendeni Mtaa wa Uhuru, uliojulikana zamani kama Kichwele, mkaangalie kanga. Vazi hili lilianza katika karne ya 19 kwa leso zilizounganishwa, na husemwa kwamba madoa ya nguo zile ndiyo yaliyolipa jina la ndege kanga. Kwa miongo mingi zilichapwa India, Ulaya na Japani, na tangu mwaka 1968 zikachapwa pia Ubungo, katika kiwanda cha Urafiki. Sasa tazameni lile umbo la tone lililopinda ncha. Asili yake ni nguo za Uajemi na India. Lakini wanawake wa pwani walipolitazama waliona korosho, wakaliita korosho, na korosho ndilo jina lake hadi leo. (Mkorosho nao uliletwa na Wareno kutoka Brazili, lakini nani anakumbuka?) Waliotia jina hilo hawakuwa na shule ya sanaa. Walikuwa na macho tu, na ujasiri wa kusema walichokiona.

Ujasiri huo ndio tunaoukosa sakristiani. Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi juu ya riziki, aliwaonyesha maua ya kondeni yaliyokuwa mbele ya macho yao, si ya bustani za wafalme.

Kwa hiyo tunawaomba akina mama wa kikundi cha udarizi, na vijana wenye mkono wa kuchora. Atakayekwenda Lushoto au Amani likizo hii achukue penseli na daftari. Akilikuta ua hilo kwenye jiwe lake, achore majani, ahesabu petali, aandike rangi, na awaulize wenyeji wanaliitaje. Mmea wenyewe auache palepale. Kitambaa cheupe cha altare, mita tatu, tumekwisha kukinunua, na hakijawekwa kielelezo chochote.