Saa ya Mpiga Mbizi na Mkanda Mpya

Ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa una sura mbili. Upande wa Kyela, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huleta mchanga na tope, na maji ya karibu na nchi kavu huwa ya kina kifupi. Lakini baada ya Matema milima ya Livingstone hutumbukia ziwani kwa ghafula, na mpiga mbizi aliyeachana na jabali mara huikosa chini kwa macho yake. Ziwa lenyewe, penye kina kipitacho pote, lafika mita 700 hivi.

Katika mwaka wa 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iliyoitwa Fifty Fathoms, yaani pima hamsini, ambazo ni mita 91. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa ndio walioitaka. Rolex nayo ikatengeneza Submariner, ya mita 100. Pete ya juu ya saa hizo huzungushwa ili kuhesabu dakika alizokaa mtu chini ya maji. Haijali kama mwenyewe huanza siku yake alfajiri, kama afanyavyo mtu wa Kyela, au usiku wa manane kama Mzungu.

Chombo kilikuwa imara, lakini kilifungwa kwa kitu dhaifu. Mikanda ya chuma ya miaka hiyo ilikuwa na pingili zenye uwazi ndani, zilizoungwa kwa misumari midogo. Baadaye zikaja pingili za bati la chuma lililokunjwa. Jasho na mchanga huingia katikati, pingili zikasagana, na baada ya miaka mkanda hulegea ukaning'inia kama kamba. Maji ya Nyasa hayana chumvi, basi hayali chuma kama yale ya Bahari ya Hindi. Lakini mchanga ni tupa popote ulipo.

Ndipo hutokea shauri la kuivika saa ya zamani mkanda mpya, wenye pingili nzima. Mwenye kuzama huutaka, kwa maana saa iliyomponyoka mtu chini ya milima ile haitafutwi. Hata hivyo mkanda mpya ni mzito, na ncha zake zimechongwa kwa masikio ya saa za siku za karibuni. Upana waweza kuwa ule ule wa milimita 20, tao la ncha likakataa. Na fundi anayelilazimisha huukwaruza mwili wa saa, kovu lisilotoka. Tena wanunuzi hutoa bei kubwa zaidi kwa saa iliyo na mkanda wake wa asili.

Wako wanaodai kuwa saa iliyobadilishwa mkanda imekwisha kuwa saa nyingine. Dai hili lina nguvu kwa mwanahistoria, kwa kuwa mkanda uliolegea ni ushahidi wa mkono uliouvaa. Lakini ziwa hili lina mfano wake. Meli ya Chauncy Maples ilijengwa Glasgow mwaka wa 1899, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini mwaka wa 1901 kwa jina la askofu aliyekufa maji ziwani humo mwaka wa 1895. Mwaka wa 1967 mashine yake ya mvuke iliondolewa, ikatiwa injini ya dizeli, na jina halikubadilika. Tena kuirudisha mashine ya mvuke mahali pake ni kazi ya gati zima. Kuurudisha mkanda ni kazi ya pini mbili.

Basi mkanda wa zamani hausuguliwi wala haukazwi. Huviringwa katika kitambaa kikavu pamoja na pingili zilizopunguzwa, ukawekwa. Saa nayo hushuka ziwani na mkanda mpya, baada ya fundi kuangalia kwanza kama mpira wa kuzuia maji ungali mzima.