Punda Aliyefungwa Gizani

Picha ninayo hadi leo. Dada yangu amesimama mbele ya keki, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, na nyuma yake ni giza tupu. Ndani ya giza hilo yumo bibi. Najua yumo kwa sababu mimi ndiye niliyebonyeza, na kwa sababu ukiiongezea picha mwanga kwenye kompyuta unaona ukungu wa kijivu wenye umbo la mtu aliyejifunika kitenge.

Ilikuwa usiku wa send-off, kijijini kwetu Moshi. Umeme ulikatika, tukabaki na chemli mbili, mishumaa ya keki na tochi za simu. Nilikuwa na kamera ya kuazima. Nilipoielekeza kwa bibi, lenzi ilianza kwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, isitulie.

"Mjukuu wangu, hiyo mashine inatafuta nini?" bibi akauliza.

Watu wakacheka. Kwa aibu nikaigeuzia kamera kwenye keki, ikakubali papo hapo, flashi ikawaka. Bibi nitampiga asubuhi, nikajiambia. Asubuhi tuliwahi basi. Miezi minne baadaye tulikuwa tunatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza lake, tukapata ya kitambulisho tu.

Baada ya msiba nilijifunza mashine ile ilikuwa inatafuta nini. Kamera ya dijitali hulenga kwa kutafuta tofauti: mahali ambapo cheusi kinakutana na cheupe, ukingo wa kola, mstari wa nyusi. Kitenge cheusi mbele ya ukuta mweusi hakiipi kitu cha kushika. Na flashi haikuweza kuniokoa, kwa sababu yenyewe huwaka mwisho, kamera ikiwa imekwisha kuamua inamtazama nani. Halafu kuna hesabu ya umbali. Mwanga wa flashi hupungua kwa kipeo cha pili: aliye mbali mara mbili hupata robo, aliye mbali mara tatu hupata moja ya tisa. Keki ilikuwa kama mita moja na nusu kutoka kwangu. Bibi alikuwa kama mita nne na nusu.

Nikaanza kusoma historia ya watu waliopiga picha gizani kabla yetu. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitangaza unga wa kuwasha wenye magnesi iliyochanganywa na kemikali nyingine, uliotoa mwanga mkali kwa muda mfupi sana. Jacob Riis, mwandishi wa habari aliyehamia Marekani kutoka Denmark, alisoma habari zake akaanza kuingia nao usiku kwenye vyumba vya maskini wa New York. Unga ule ulikuwa hatari. Kuna mara alisababisha moto ndani ya chumba alichokuwa akipiga picha. Kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwaonyesha wenye nafasi jinsi majirani zao walivyolala. Wengi wa waliolala humo, lakini, waliamshwa na mlipuko ambao hawakuuomba.

Kisha nikafika nyumbani. Mjerumani Carl Georg Schillings alileta unga wa namna hiyo huku kwetu, kwenye nyika za Wamasai na maeneo ya kuzunguka Kilimanjaro, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 1905 alichapisha Leipzig kitabu ambacho jina lake lenyewe linataja vitu viwili alivyobeba: mwanga wa flashi na bunduki. Humo wamo simba na wanyama wengine walionaswa na kamera usiku, jambo ambalo wasomaji wa Ulaya walikuwa hawajazoea kuliona.

Aliwezaje, bila kamera inayojilenga yenyewe? Alichagua mahali mapema. Punda au ng'ombe alifungwa kama chambo, kamera ikaelekezwa pale, kamba ikategwa. Simba akiigusa, unga unawaka na picha inapigwa. Giza lilikuwa limekwisha kupimwa kabla halijaingia.

Nilizitazama picha zile kwa muda mrefu. Simba anaonekana, chambo anaonekana. Nikawa najiuliza ni nani aliyemvuta punda yule hadi pale jua likizama, nani aliyebeba vioo vizito vya picha kichwani kutoka kambi hadi kambi. Msafara ule ulikuwa na wapagazi wengi, watu wa nchi hizi. Walikuwa hatua chache nyuma ya mwanga. Mwaka huohuo kitabu kilipotoka, vita vya Maji Maji vilianza kusini mwa koloni.

Ningependa kumlaumu Schillings na kuishia hapo. Ila mimi pia usiku ule nilichagua mapema. Keki ilikuwa na mishumaa, dada alikuwa na gauni, kila mtu alijua picha ni ya nani. Bibi alikuwa ametoka jikoni alikokuwa akisimamia vyungu tangu alfajiri, akasimama nyuma kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Kamera iliposita, nilimwacha.

Krismasi iliyopita umeme ulikatika tena. Niliingia jikoni kwanza. "Mama mdogo, naomba ushike hii tochi karibu na uso, kidogo tu." Nikalenga kwenye jicho lake, nikazima ulengaji wa kamera ili isianze kutangatanga, nikageuza flashi ielekee ukutani ili mwanga urudi taratibu na uwafikie wote. Nikamwambia azime tochi.

"Bado?" akauliza gizani.

"Bado, mama. Shangazi naye asogee."