Ethi ya Gari Si Ardhi

Pikapu inayopakia samaki usiku pale Mwigobero, Musoma, inahitaji taa ya mzigo, ile inayofungwa juu ya keria au nyuma ya kebini ili kumulika bodi. Ikigoma kuwaka, fundi umeme wa magari, awe Bunda au Butiama, hutazama balbu, kisha fyuzi. Vyote vikiwa vizima, hutamka neno moja: ethi.

Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya ardhi, na kwenye nyumba jina hilo lina haki yake, kwa kuwa waya wa kijani na njano huishia kwenye fimbo iliyochimbiwa udongoni. Gari limekalia mipira. Umeme wake hutoka kwenye chanya ya betri, hupita fyuzi na swichi, huwasha balbu, kisha hurudi kwenye hasi kupitia chuma cha bodi na chesisi. Chuma hicho kinashika nafasi ya waya wa pili, na ndicho fundi anachokiita ethi.

Kwa hiyo tafsiri ya "waya wa ardhi" inampotosha anayejifunza umeme wa magari. "Waya hasi" inakaribia, ila magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950, Land Rover zikiwamo, yalifungwa chanya kwenye bodi, na hiyo nayo ilikuwa ethi. Mimi ningeandika *rejeo la bodi*, kwa sababu linataja kazi. Gerejini ethi ibaki. Imeshakuwa ya Kiswahili.

Anayejua kwamba ethi ni njia ya kurudi atajua pia pa kuipima. Maji ya barafu na samaki hutiririka kwenye bolti, kutu huingia kati ya waya na chuma. Balbu ya wati 21 kwa volti 12 ina ukinzani wa karibu omu 7 inapowaka. Kutu yenye omu 1 tu humeza volti 1.5, na taa hufifia. Kupima ukinzani wakati taa imezimwa hudanganya, maana hata uzi mmoja wa waya uliobaki utaonekana mzima. Washa taa, weka ncha moja ya mita ya volti kwenye mguu wa ethi wa balbu, nyingine kwenye hasi ya betri. Isomeke karibu na 0. Ikizidi volti 0.2, rejeo lina kasoro. Ikikaribia 12, limekatika kabisa.

Kuna dalili nyingine: ukikanyaga breki, taa ndogo ya nyuma inawaka kwa unyonge. Hapo taa mbili zinatumia ethi moja iliyokatika, na umeme unarudi kwa kupitia balbu ya jirani.

Kwaruza rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza bolti kwa washa yenye meno, paka grisi juu. Bodi ikiwa imeoza, vuta waya mweusi moja kwa moja hadi kwenye chesisi.