Lenzi Pana na Picha za Miji: Kutoka Unguja hadi Mafiga

Lenzi pana ni lenzi ya kamera yenye urefu mfupi wa fokasi, inayoingiza sehemu kubwa ya mandhari katika picha moja. Kwa kamera ya mkanda wa milimita 35, lenzi ya kawaida ni ya milimita 50, na zile za milimita 35 kushuka chini huitwa pana. Katika miji ya Afrika Mashariki haja ya upana huo ilionekana mapema, kwa kuwa mitaa ilikuwa myembamba na majengo makubwa yalisimama mahali ambapo mpigapicha hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma.

Picha za kwanza zinazojulikana za pwani ya Afrika Mashariki zilipigwa kati ya 1846 na 1848, katika safari ya nahodha Mfaransa Charles Guillain. Mwaka 1860 Mwingereza James Augustus Grant alipiga nyingine Unguja, alipokuwa njiani kwenda bara pamoja na mpelelezi Speke. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Wagoa walikuwa wamefungua studio kisiwani humo, miongoni mwao A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, na picha zao za mji ziliuzwa kama kadi za posta. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikuwapa nafasi. Jengo kama Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883, lilienea vizuri zaidi katika picha iliyopigwa kutoka upande wa bahari. Aliyetaka mandhari pana zaidi ya hapo alipiga picha kadhaa za vioo mfululizo, akigeuza kamera kidogo kila mara, kisha akaunganisha picha hizo ubavu kwa ubavu.

Wakati huohuo mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitafuta kupata upana kwa lenzi moja. Thomas Sutton wa Uingereza alitoa lenzi ya panorama mwaka 1859. Ndani yake mlijazwa maji. Charles Harrison na Joseph Schnitzer wa Marekani walipewa hataza ya lenzi yao ya Globe mwaka 1862. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilitoa Hypergon, iliyoona zaidi ya digrii 130. Lenzi hiyo ilikuwa na shida moja kubwa: mwanga ulifika kwa wingi katikati ya picha na kufifia pembeni. Goerz waliweka mbele yake nyota ndogo iliyozungushwa kwa hewa ya pampu ya mpira, ili kuzuia sehemu ya mwanga wa katikati na kusawazisha picha nzima. Kazi ilikwenda polepole, kwa hiyo lenzi hizi zilifaa majengo na milima. Mtu anayetembea hazikumweza.

Morogoro iliingia katika historia hii kwa njia ya reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na reli ikafika Morogoro 1907. Walther Dobbertin, mpigapicha Mjerumani wa Dar es Salaam, alipiga miji, reli na mashamba ya koloni la Ujerumani, na mkusanyiko wake sasa umehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Baada ya zama hizo kazi kubwa ya mpigapicha wa mjini ilikuwa ndani ya studio: picha za paspoti, za harusi na za familia. Mfano unaojulikana ni Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930. Studio iliishi kwa nyuso za watu, na barabara ya nje ilipigwa mara chache.

Badiliko lilikuja na kamera ndogo. Leitz walitoa lenzi ya milimita 35 kwa ajili ya Leica mwaka 1930. Kamera zenye kioo cha ndani kinachonyanyuka zilipoenea, kioo hicho kilizuia lenzi fupi kukaa karibu na mkanda, hadi Mfaransa Pierre Angénieux alipotoa lenzi ya Retrofocus mwaka 1950. Muundo wake uliiwezesha lenzi pana kukaa mbali na mkanda bila kupoteza upana. Tangu hapo mwandishi wa habari aliweza kusimama katikati ya umati na kuonyesha mtu pamoja na mtaa wake. Huo ndio wakati Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam, alipoanzisha kampuni ya picha ya Camerapix huko mwaka 1963, na mwaka uliofuata akapiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar.

Leo upana huo umo ndani ya simu. Tangu katikati ya miaka ya 2010 kampuni za simu zimekuwa zikiongeza kamera ya pili iliyo pana, na katika kata ya Mafiga, Manispaa ya Morogoro, kijana mwenye simu ya aina hiyo anaweza kuingiza barabara, maduka na bodaboda za pande zote mbili katika picha moja. Lakini Milima ya Uluguru hufichua kasoro ya lenzi hiyo. Kilele cha Lupanga kina zaidi ya mita 2,100, zaidi ya mita 1,600 juu ya mji, na kwa macho kinatawala upande wa kusini. Mpigapicha akisimama palepale na kubadilisha lenzi ya milimita 50 kwa ya milimita 25, urefu wa mlima pichani hupungua kwa nusu kama wa kila kitu kingine, huku sehemu kubwa zaidi ya ardhi iliyo karibu naye ikiingia pichani. Akiinua kamera kuutafuta mlima, kuta za nyumba huonekana zikiangukia nyuma, na watu walio pembeni hutanuka.

Kwa sababu hiyo kila lenzi ina kazi yake. Anayetaka mlima uonekane mkubwa kama unavyohisiwa atumie lenzi ndefu kutoka mbali. Anayetaka kuweka kumbukumbu ya mtaa atumie lenzi pana, aishike sawasawa bila kuiinamisha, na asogee karibu. Miji ya Tanzania inabadilika haraka, na picha pana ya barabara ya kawaida, iliyoandikwa mahali na tarehe yake, itawafaa wanahistoria wa kesho kuliko picha nyingi nzuri zisizo na maelezo.